Toka Minyaa Mpaka Penye Maji

Mwanamke huyu nilimchukia kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo sikumbuki hata siku moja niliyoipitisha bila kumsalimia. Kashikishi, huku Zambia kando ya Ziwa Mweru, ndivyo tulivyo. Mtu amekushitaki mahakamani, asubuhi mnakutana kwenye pampu ya maji, unamwambia "jambo, mama," anaitika, mnapeana zamu ya ndoo, kila mmoja na moyo wake. Sisi tulimwita Mama Wakfu. Jina lake la nyumbani wengi hawakulijua, na waliolijua hawakulitumia, kwa sababu yeye mwenyewe alijitaja hivyo hivyo: "Miye, Mama Wakfu, ninakataa."

Kukataa ndiyo ilikuwa kazi yake. Nyuma ya msikiti wetu mdogo wa mabati (nasema wetu, ingawa mimi naabudu kwa Wametodisti) kuna kiwanja ambacho mfanyabiashara mmoja wa zamani alikitoa kwa Mungu. Kitu kikishatolewa wakfu, Waislamu wanasema, hakiuzwi wala hakirithiwi, na hakuna mtu anayeweza kumpa rafiki yake. Yule mfanyabiashara aliandika masharti: sehemu ya juu iwe ya kufundishia watoto, ya katikati wazikwe wageni wanaofia ziwani bila ndugu, ya chini ilete faida ya kutunza hizo mbili. Na mlinzi wa yote hayo akawa mama huyu mfupi, mwembamba, mwenye miguu mikubwa kuliko mwili wake.

Miguu hiyo ndiyo ilikuwa kipimo chake. Kila Ijumaa kabla ya sala alivua kandambili, akaanzia kwenye ukingo wa miti ya minyaa kule juu, akashuka kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole, akihesabu kwa sauti mpaka maji yamguse. Ukimsalimia hajibu. Ukiweka kitu njiani anapita juu yake. Siku moja nilikuwa nimeanika chisense, vile visamaki vidogo vya Mweru tunavyovitandaza mchangani kukauka, na yeye akapita katikati yao hivi hivi, mia tatu na kumi, mia tatu na kumi na moja, samaki wangu wanapasuka chini ya nyayo. Nilipiga kelele soko zima likasikia. Aliendelea kuhesabu. Alipofika majini akarudi, akaketi mchangani, akashinda na mimi mchana kutwa akichambua waliokanyagwa na wazima.

"Hii nimeharibisha miye," akasema, akifunga wale wabovu kwenye kitambaa chake. "Hii nitakula miye."

"Na wiki ijayo utanikanyagia tena?"

"Ukianika pale pale, nitakanyaga pale pale."

Ndiyo tabia yake. Hakuwa mkatili, ila ukimwomba akuonee huruma kidogo tu anakutazama kana kwamba umemwomba figo.

Lazima niseme jinsi nilivyofika kwenye mchanga ule, nisijifanye malaika. Hapa ziwani tuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika. Ukianika chisense mahali pamoja misimu miwili na hakuna aliyekufukuza, mahali pale ni pako, hata mwenye mtumbwi mkubwa ataomba ruhusa kwako kabla ya kuvuta wavu. Sasa, kuna miaka maji ya Mweru yalirudi nyuma sana, yakaacha mchanga mweupe chini ya makaburi ya wageni. Nikaanika. Msimu wa kwanza, msimu wa pili. Kukanyagwa kwa Ijumaa sikukuhesabu kuwa ni kufukuzwa. Msimu wa tatu nikasimamisha nguzo na nyasi, kisha matofali, kisha mabati: vyumba viwili, kimoja changu na wanangu wawili, kingine cha samaki. Nilijua kiwanja ni cha nani? Nilijua. Lakini nilijua pia kwamba mchanga ule juzi tu ulikuwa maji, na maji hayana msikiti. Ndivyo nilivyojiambia nikiwa nabeba matofali, na nilijiambia kwa nguvu sana.

Yeye alikuwa na karatasi. Aliitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwa plastiki, maneno ya Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu. Alimsomea yeyote aliyeuliza na wengi ambao hawakuuliza. Kidole kilitembea toka kuume kwenda kushoto, polepole, na ukimkatiza anaanza upya toka Bismillahi. Mahakamani mkalimani alimkatiza mara nne. Hakimu mwishowe akamwambia mkalimani, kwa upole kabisa, anyamaze la sivyo tutalala humo.

Karatasi ilisema mpaka wa kiwanja ni toka minyaa mpaka penye maji. Hapo ndipo ugomvi wote ulipozaliwa.

"Maji gani, mama?" nilimwuliza siku ile ya kwanza aliponijia mlangoni. "Ya siku aliyoandika, au ya leo?"

"Maji ni maji. Yakienda, kiwanja inafwata."

"Na yakirudi?"

"Yakirudi, tunarudi nayo. Lakini weye huwezi kurudi, weye umejenga."

Nikafunga mlango. Alibaki nje muda mrefu, nikimwona kwenye ufa, amesimama tu. Nilidhani ana neno jingine la kunitukana. Kisha akaondoka.

Si kwamba sikumfahamu kabla ya hapo. Nilimfahamu vizuri mno, na ndiyo maana chuki yangu ilikuwa inauma. Tulipovuka toka ng'ambo, toka Kongo, mama yangu alikuwa tayari ana homa. Alifia ufukweni hapa hapa, siku ya tatu, mimi nikiwa binti wa miaka kumi na mitatu nisiyejua hata mtu mmoja wala neno moja la Kibemba. Mama Wakfu ndiye aliyekuja na maji ya moto na sabuni. Imamu wa wakati ule akapinga: huyu ni Mkristo, hawezi kulala na Waislamu. Yeye akafungua kopo lake, akasoma toka Bismillahi, akafika kwenye neno "wageni", akaliwekea kidole na hakukiondoa.

"Onyesha mahali imeandikwa wageni Waislamu," akamwambia imamu. "Onyesha. Mi nangojea."

Mama yangu amelala pale mpaka leo. Sasa niambie, mtu kama huyo utamchukiaje? Lakini nilimchukia, Mungu anisamehe, tangu siku alipoleta hati ya mashitaka, mwaka mmoja baada ya kumfungia mlango. Mjumbe wa mahakama hakuijua nyumba yangu, basi Mama Wakfu mwenyewe akaichukua hati kutoka kwake akaniletea. Mkono mmoja hati, mkono mwingine sahani ya maharagwe imefunikwa.

"Soma kwanza," akasema. "Tutakula nyuma."

"Unanishitaki mimi, mama? Mimi uliyenizikia mama?"

"Si weye peke yako. Ni weye na yule ya barafu."

Yule wa barafu ni tajiri aliyekuwa akiuza vipande vya barafu kwa wachuuzi wa samaki. Alipoona vyumba vyangu vimesimama na hakuna radi iliyoshuka, naye akaja na saruji. Hakutaka vyumba viwili. Alitaka jengo la barafu na juu yake nyumba ya wageni ya ghorofa, na nguzo zake zilianza karibu na maji zikapanda, wiki kwa wiki, mpaka ya mwisho ikasimama hatua nne toka makaburini. Alikuwa na karatasi pia, ya ofisi fulani ambayo hakuitaja kamwe. Kila alipoulizwa alionyesha nyumba yangu kwa kidevu. Huyu amejenga, mimi nina kosa gani?

"Nikikuachia weye," Mama Wakfu akaniambia siku ile, maharagwe yanapoa, "yeye nitamukataza na mudomo gani?"

Hoja hiyo niliielewa, na ndiyo iliyozidi kunikasirisha. Maharagwe niliyala.

Mambo yake yalipingana, na halikuwa jambo moja tu. Alimkaripia mtoto wa madrasa kwa kuchuma pera la wakfu, halafu jioni akamnunulia mapera sokoni. Hakula kwenye harusi iliyopigwa ngoma, lakini alisimama barabarani mpaka ngoma ikaisha, na bega lake, nililiona kwa macho yangu, lilikuwa linacheza peke yake. Alinisuta kwa sombe yangu ya majani ya mihogo kuwa na mafuta mengi, kisha akarudisha sahani tupu. Lakini jambo zito kuliko yote lilikuwa chumba chake.

Mvua za mwaka mmoja ziliangusha nyumba yake ya udongo iliyokuwa upande wa pili wa barabara. Hakuwa na pa kwenda. Akajenga chumba kimoja cha matofali, kimeegemea ukuta wa madrasa. Ndani ya wakfu. Hakuiuliza kamati ya msikiti wala hakuandika popote, yeye ambaye aliandika hata ufagio mpya. Mimi mwenyewe nilimbebea matofali kichwani, matano matano, wakati ule tukiwa bado tunapendana.

"Ni ya muda tu," aliniambia, bila mimi kumwuliza.

Ili kionekane ni cha muda, hakukipiga lipu. Miaka sita matofali yalikaa uchi. Na Ijumaa, katika kupima kwake, alipokikaribia chumba hicho alikizunguka, na kule kuhesabu kwa sauti kukashuka, mpaka alipokwisha kukipita. Mimi ndiye niliyeanika chini yake miaka yote, kwa hiyo mimi ndiye niliyesikia. Jambo hili sikumwambia mtu.

Yule wa barafu alilijua, sijui kwa njia gani. Alinijia adhuhuri moja, nikiwa nageuza samaki, akachuchumaa kwa heshima zote.

"Bamayo, mukwai, mimi sitaki useme uongo," akasema, heshima kwa Kibemba na mengine kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sema ukweli tu. Avoka wangu atakuuliza mahakamani: yule mama amejenga? Utasema, ndiyo, nilibeba matofali. Basi. Kama mlinzi mwenyewe amejenga, hiyo haiko wakfu tena, ni kiwanja tu. Nyumba yako inabaki. Yangu inabaki."

"Na makaburi?"

"Nani anagusa makaburi?" akasema. Lakini alikuwa anaangalia upande mwingine.

Nitasema kweli: nilikubali. Nilikuwa na watoto wawili, na hakuna aliyekuwa akiniomba uongo. Wiki nzima nilitembea na ukweli ule mdomoni, nao ulikuwa mchungu kuliko uongo wowote niliowahi kusema. Siku ya pili tu baada ya kukubali, kwenye pampu nikamkuta Mama Wakfu. Alijua. Kashikishi hakuna siri inayomaliza siku mbili. Nikangoja anipige na ndoo.

"Utavaa nini ku tribinali?" akauliza.

"Kitenge changu cha kanisani."

"Vaa na viatu. Kule banaangaliaka miguu."

Akajitwika ndoo yake akaenda. Nilitaka kumrushia jiwe, na nilitaka kumkimbilia, yote mawili kwa mara moja.

Siku ya kesi tulisafiri kwenda bomani Nchelenge kwenye gari moja, kwa sababu gari lilikuwa hilo hilo. Alikaa mbele, mimi nyuma. Mahakamani chumba kilikuwa na joto, madirisha mawili hayafunguki. Hakimu, mtu mtulivu mwenye miwani, alisikiliza karatasi yote. Kisha avoka, wakili wa yule wa barafu, akaniita. Nikasimama, viatu vinanibana.

"Mama, mbali na nyumba yako na jengo la mteja wangu, unajua jengo jingine lililojengwa kwenye kiwanja hiki bila kibali?"

Mkalimani akatafsiri, ingawa nilikuwa nimeelewa. Yule wa barafu alikuwa anatikisa kichwa polepole, kunisaidia. Nikafungua mdomo. Neno halikutoka. Niliona nyumba yangu, niliona watoto wangu, niliona kile kidole kwenye neno "wageni".

"Mama, tunakungoja," akasema hakimu.

Nyuma yangu kiti kikalia. Mama Wakfu alikuwa amesimama. Akaambiwa akae. Hakukaa.

"Muheshimiwa, usimusumbue huyu mutoto," akasema. "Anaogopa juu yangu, anaogopa juu ya nyumba yake. Ile chumba nilijenga miye. Sikuomba mutu. Nilijua ni mubaya, nikajenga. Kama munavunja, muanze na ile."

Kopo lake alikuwa amelikumbatia kifuani. Avoka alicheka kidogo, nadhani aliona ameshinda. Na mimi? Nilikasirika. Ndiyo, nilikasirika! Nilimwona ameninyang'anya hata uovu wangu. Nilirudi kukaa nikilia kwa hasira, na mtu yeyote aliyeniona alidhani ni huruma.

Hukumu ilikuja baada ya wiki kadhaa. Hakimu alisema kosa la mlinzi haliui wakfu. Kama mlinda ghala ameiba gunia, ghala halijawa lake. Kiwanja ni cha wakfu toka minyaa mpaka penye maji, yawe wapi maji hayo. Majengo yote yasiyo na kibali yaondoke ndani ya miezi mitatu, chumba cha mlinzi kikiwemo. Na mlinzi aliyechanganya mali ya wakfu na yake avuliwe kazi, kamati ichague mwingine. Yule wa barafu akakata rufaa, na nguzo zake mpaka leo zimesimama, kutu inachuruzika. Sisi wengine hatukuwa na avoka wa kukata chochote.

Mama Wakfu alivunja chumba chake siku iliyofuata. Nilimsikia toka kwangu, nyundo moja, pigo moja moja, asubuhi mpaka saa nane. Matofali mazima aliyapanga kando ya madrasa, yawe ya wakfu. Akahamia kwenye pembe ya jiko la mwanamke mmoja wa msikitini. Fundi cherehani mmoja wa kamati akapewa kopo, daftari na muhuri. Ijumaa iliyofuata hakuna aliyepima.

Nilikaa mwezi wa kwanza na wa pili nikingoja muujiza. Katikati ya mwezi wa tatu nikaenda kumtafuta kwenye jiko lile. Nilienda kugombana, sitaki kudanganya. Alikuwa anapepeta unga wa mihogo, amepungua, shingo imekuwa ndefu.

"Umefurahi sasa?" nikamwambia. "Mimi na wanangu tunatoka wiki ijayo. Tunakwenda wapi?"

Akaweka ungo chini.

"Miaka ine," akasema. "Nilikungojea miaka ine uniombe."

"Nikuombe nini?"

"Ile pa chini. Haikuwa ya makaburi, haikuwa ya masomo. Imeandikwa ilete faida. Mulinzi anaweza kupangisha jirani mwenye kuomba. Anaandika mu daftari, anapiga muhuri, inaisha. Siku ile nilikuja ku mulango yako, nilisimama. Nikasema, sasa ataomba. Ukafunga."

Nikaketi kwenye gogo.

"Na hukuniambia? Salamu za kila siku, maharagwe, pampu, na hukufungua mdomo?"

"Mulinzi hatembee nyumba ku nyumba na kitu ya Mungu mu mukono, eti nani anataka." Kisha akasema, polepole zaidi: "Na miye pia ningeomba kamati ile chumba, bangenipa. Nilisikia haya. Ndo ilikuwa tu haya."

"Basi niandikie sasa!"

"Muhuri haiko kwangu tena, mwana yangu."

Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwa mama yangu hakulia. Mimi pia nililia, na katikati ya kilio hicho nilimtukana, akanitukana, mpaka mwenye jiko akaja kuchungulia.

Kesho yake Mama Wakfu akanipeleka kwa fundi cherehani. Yule naye hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, akasema amri ya mahakama haichezewi: vunja kwanza, mchanga uwe mtupu, kisha uje uombe, na kamati itaona. Hakuahidi kitu. Basi nikavunja. Mimi niko juu ya ukuta natoa misumari, Mama Wakfu chini anapokea mabati, ananifokea nisiyapinde. Siku mbili tukamaliza. Pale palipokuwa nyumba yangu palibaki mchanga na alama ya kuta.

Tulikwenda na vumbi letu hivyo hivyo. Kamati ilikuwa imekaa kwenye mkeka mbele ya msikiti, wanaume watano. Mama Wakfu akabaki nyuma yangu, hana kopo, mikono haijui pa kukaa. Fundi cherehani akafungua daftari.

"Unaomba nini?"

Neno lenyewe nililiogopa kuliko nilivyoiogopa mahakama. Maisha yangu yote nimejichukulia, kwa sababu mkimbizi akingoja kupewa anakufa. Nikapiga goti.

"Ninaomba," nikasema, "vyumba viwili pale chini. Kimoja changu na watoto. Kingine cha huyu mama."

"Na samaki wako utaweka wapi?" akauliza mmoja.

"Watalala nje."

Wakatazamana. Wakanong'ona, muda mrefu, mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Kisha fundi cherehani akachukua kalamu, akaanza kuandika, na nyuma yangu nikasikia sauti ile ile ya kukataa:

"Nani alikutuma? Miye nilikuambia nitakaa na weye?"

"Mama, unakubali au unakataa?" fundi cherehani akamwuliza, kalamu juu. "Lazima niandike."

Niligeuka. Alikuwa amevua kandambili zake, amezishika mkononi, na alikuwa anasogea taratibu kwenye mkeka ili naye aombe kama mimi.